Aristotle: Mgeni wa Athens aliyefichua siri ya ushawishi

NI muhali kwa mwanafunzi wa uanahabari au mawasiliano kuhitimu bila kukutana na jina la Aristotle. Hukutana nalo anapofunzwa kuichambua hotuba ya mwanasiasa, tahariri ya gazeti au tangazo la biashara. Aghalabu huambiwa kwa haraka kwamba mtu huyo wa kale aliugawa ushawishi katika mafungu matatu, kisha somo likasonga mbele.

Kinachosahaulika ni maisha ya mtu mwenyewe. Aristotle aliacha kitabu kinachosomwa hadi leo kuhusu namna watu wanavyoshawishiwa barazani na mahakamani, ilhali katika mji alikofundishia hakuwa na ruhusa ya kusimama barazani kutoa rai wala ya kupiga kura. Na mwishowe, katika mji uo huo, maneno aliyoyatunga kwa ajili ya kumlilia rafiki yakageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Anayetaka kujua kwa nini uchambuzi wa maneno ni taaluma nzito, wala si pambo la wasomi, na aanzie katika maisha hayo.

Mwana wa tabibu

Aristotle alizaliwa mwaka wa 384 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo (K.K.) katika mji mdogo wa Stagira, kaskazini mwa Ugiriki. Babake, Nicomachus, alikuwa tabibu wa Amyntas, mfalme wa Makedonia.

Mwaka huo huo alizaliwa Demosthenes, Mwathene aliyekuja kuwa msemaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Mmoja alijaaliwa kuhutubia, mwingine akajaaliwa kuuliza ni kwa nini hotuba hufaulu. Majaliwa yalitaka pia wawili hao wafariki katika mwaka mmoja.

Tabibu wa enzi hizo hakuwa na maabara wala mashine ya kupimia damu. Alimtazama mgonjwa, akamsikiliza, akazilinganisha dalili zake na za wagonjwa wengine aliowahi kuwaona, ndipo akatoa kauli. Haishangazi basi kwamba mwana wa tabibu alikua na mazoea ya kutazama kwanza na kuhukumu baadaye.

Babake alifariki Aristotle akiwa angali mdogo. Alipofika umri wa miaka 17, mnamo 367 K.K., alipelekwa Athens kusoma katika Akademia, chuo cha mwanafalsafa Plato. Alikaa humo miaka 20.

Mji uliotawaliwa kwa maneno

Athens ya wakati huo iliendeshwa kwa maneno kwa kiasi ambacho ni vigumu kukikisia leo. Raia wa kiume walikutana mlimani Pnyx na kuamua wenyewe mambo ya vita, amani na kodi. Hapakuwa na kipaza sauti wala gazeti. Aliyetaka jambo lipite alisimama na kusema.

Mahakamani hali ilikuwa vivyo hivyo. Kesi ziliamuliwa na mamia ya raia waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na mshtaki na mshtakiwa walijisemea wenyewe. Asiye na ufasaha aliweza kumlipa mtunzi amwandikie hotuba, kisha akaikariri na kuitoa mbele ya waamuzi kana kwamba ni yake.

Katika mazingira hayo, ulimi ungeweza kumwokoa mtu au kumwangamiza. Mnamo 399 K.K., miaka 15 kabla ya Aristotle kuzaliwa, waamuzi wa Athens walimhukumu kifo Socrates, mwalimu wa Plato.

Si ajabu kwamba walimu wa usemaji walijaa mjini na kutoza ada kubwa. Gorgias, aliyefika Athens kutoka Sicily mnamo 427 K.K. akiwa balozi wa mji wake, aliwaduwaza wenyeji kwa mapambo ya lugha. Baadaye Isocrates alifungua shule iliyowavutia vijana wa tabaka la juu kutoka pande zote za Ugiriki.

Plato hakuwapenda walimu hao. Kwake, sanaa yao ilifanana na upishi unaoufurahisha ulimi pasi na kuujenga mwili. Waliwafundisha watu kuonekana wana haki badala ya kuwa nayo.

Aristotle, japo alimheshimu mwalimu wake, hakuridhika na jibu hilo. Aliona kwamba binadamu wote, awe mwuza samaki au jemadari, hujaribu kushawishi na kujitetea. Wengine hufanya hivyo kwa kubahatisha, wengine kwa mazoea yaliyotokana na uzoefu. Ikiwa baadhi yao hufaulu na wengine hushindwa, basi ipo sababu, na palipo na sababu utafiti unawezekana.

Hiyo ndiyo hatua iliyobadilisha mambo. Walimu wa ufasaha waliwafundisha wanafunzi wao kukariri, naye Plato akawaonya. Aristotle alichagua kuchunguza.

Nyanjani Lesbos

Plato alipofariki mnamo 347 K.K., uongozi wa Akademia ulimwendea mpwa wake, Speusippus. Aristotle aliondoka Athens na kuvuka bahari hadi Assos, pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Huko alikaribishwa na Hermias, mtawala aliyependa falsafa, na akamwoa Pythias, binti wa jamaa ya mtawala huyo.

Kutoka hapo alihamia kisiwa cha Lesbos, nyumbani kwa rafiki yake Theophrastus. Yaelekea ni katika miaka hiyo ambapo alifanya sehemu kubwa ya uchunguzi wake wa viumbe wa baharini.

Maandishi yake kuhusu wanyama yanaonyesha wazi alikopata habari zake. Aliwategemea wavuvi, wafuga nyuki na wawindaji, watu ambao wanafalsafa wengi hawakuona haja ya kuwauliza lolote. Aidha, alieleza jinsi mayai ya kuku yanavyoweza kupasuliwa moja baada ya jingine, siku baada ya siku, ili kuona kifaranga kinavyoumbika, tangu moyo unapoonekana kama nukta nyekundu inayopigapiga.

Watafiti wa leo wangeiita kazi hiyo utafiti wa nyanjani. Mtafiti anakwenda kitu kilipo, anawasikiliza wanaokijua, ananakili anachokiona, kisha anatafuta mpangilio. Katika vyuo vikuu njia hiyo hujulikana kama utafiti wa kimaelezo, yaani ule usiojengwa juu ya takwimu bali juu ya kutazama, kuhoji, kukusanya mifano na kuilinganisha kwa makini.

Mnamo 343 K.K. Mfalme Philip wa Makedonia alimwita amfunze mwanawe, Alexander, aliyekuwa na umri wa miaka 13. Masomo hayo yalifanyika Mieza, na kijana huyo ndiye aliyekuja kuiteka milki ya Uajemi na kufika hadi India.

Akiwa katika utumishi huo, Aristotle alifikwa na msiba. Hermias, rafiki na mkwewe, alinaswa kwa hila na Waajemi, akateswa na kuuawa. Aristotle alitunga wimbo wa kumsifu na kuzisifu fadhila alizozifia. Tuuweke wimbo huo akilini, maana utarejea.

Chuo cha mgeni

Mnamo 335 K.K., Aristotle alirudi Athens akiwa na umri wa miaka 49 na kuanza kufundisha Lyceum, bustani ya umma iliyokuwa nje ya kuta za mji. Mabaki ya mahali hapo yaligunduliwa mwaka wa 1996 wakati wa kuchimba msingi wa jengo jipya, na yakafunguliwa kwa umma mwaka wa 2014.

Hata hivyo, hakurudi akiwa mwenyeji. Sheria ya Athens ilimhesabu kuwa mgeni mkaazi. Watu wa daraja hilo walilipa kodi maalumu kila mwaka kwa sababu tu ya kuishi mjini. Hawakuweza kumiliki ardhi, kupiga kura, kuhutubia Baraza wala kuketi miongoni mwa waamuzi.

Yawezekana hali hiyo ndiyo iliyomnoa macho. Raia aliyesimama barazani alitaka kushinda. Mgeni asiye na kura alibaki akitazama nani kashinda na kwa nini. Watafiti wa jamii wanaijua faida ya kusimama kizingitini, karibu ya kutosha kusikia kila neno lakini mbali kidogo na joto la ugomvi.

Pamoja na wanafunzi wake alianza kukusanya. Walikusanya maelezo ya mifumo ya utawala ya miji na mataifa 158, kila mmoja na historia yake. Karibu yote yamepotea, ila mwaka wa 1891 dunia ya wasomi ilisisimka maelezo ya utawala wa Athens yalipochapishwa kutoka karatasi za mafunjo zilizopatikana Misri. Walikusanya pia orodha za washindi wa michezo ya Delphi na kumbukumbu za tamthilia zilizoonyeshwa Athens.

Vivyo hivyo alikusanya vitabu vya waliomtangulia kufundisha usemaji na kuvifanyia muhtasari. Alivipata na upungufu mmoja mkubwa. Viliwafundisha watu jinsi ya kuwapandisha waamuzi hasira au kuwatoa machozi, lakini havikugusia hoja zenyewe.

Kitabu cha ushawishi

Kazi yake kuhusu balagha, iliyogawanywa katika vitabu vitatu, yaelekea ni maandalizi ya masomo yaliyoongezwa na kurekebishwa kwa miaka mingi. Lugha yake ni kavu. Asomaye akitarajia ufasaha hukata tamaa mapema, lakini asomaye akitafuta mwanga haondoki mikono mitupu.

Alianza kwa kutenga nguzo tatu za ushawishi unaotokana na usemi wenyewe. Ya kwanza ni haiba ya msemaji, ambayo Wagiriki waliiita ethosi. Ya pili ni hisia za msikilizaji, au pathosi. Ya tatu ni hoja iliyomo katika maneno, au logosi.

Kuhusu nguzo ya kwanza, alisisitiza jambo ambalo wengi hulipuuza. Haiba aliyoizungumzia si cheo cha mtu wala sifa alizokuja nazo, bali ni ile inayojengwa na hotuba yenyewe inapoendelea. Wasikilizaji humwamini yule ambaye maneno yake yanaonyesha busara, uadilifu na nia njema kwao. Ikikosekana moja ya hizo tatu, imani hutetereka.

Katika hisia alifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa kwa kina namna hiyo. Alizichukua moja baada ya nyingine: hasira, utulivu, hofu, aibu, huruma, wivu na nyinginezo. Kwa kila moja aliuliza maswali yale yale: mtu huwa katika hali gani anapoipata, humwelekea nani, na kwa sababu zipi.

Majibu yake yangali yanaeleza mengi kuhusu vyombo vya habari. Aliona kwamba watu hawaogopi jambo lililo mbali sana: kila mtu anajua kwamba atakufa, lakini hajali maadamu kifo hakijabisha hodi. Aliona pia kwamba huruma hufuata ukaribu, kwa hivyo masaibu ya miaka elfu kumi iliyopita au ijayo hayamlizi mtu. Mhariri anayejiuliza kwa nini ajali ya jirani huuza gazeti kuliko maafa ya ng'ambo angeweza kuanzia hapo.

Kuhusu hoja, alitambua kwamba msemaji wa hadhara hasemi kila kitu. Huacha nguzo moja ya hoja yake bila kuitamka kwa sababu anajua msikilizaji ataijaza mwenyewe. Hoja ya namna hiyo aliiita enthimema, na kwake ndiyo mwili wa ushawishi.

Mathalani, mtu akisema kwamba fulani hafai uongozi kwa kuwa ni kijana, hajatamka kwamba vijana hawafai kuongoza. Amemwachia msikilizaji alimalizie. Kwa hivyo mchambuzi hodari hatazami tu kilichosemwa. Hutafuta pia kile ambacho hakikusemwa kwa kuwa msemaji na hadhira walikwishakubaliana juu yake kimya kimya.

Hata methali hazikumpita. Alieleza kwamba watu hufurahi wanaposikia jambo wanaloliamini katika mambo yao binafsi likitamkwa kama kanuni ya wote, na kwamba semi za namna hiyo zinawafaa wazee wenye uzoefu zaidi ya vijana. Msomaji aliyekulia penye wazee wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa hilo.

Aidha, alizifichua hoja za hadaa. Mfano wake mmoja unamhusu Demosthenes. Mwanasiasa Demades alikuwa amedai kwamba siasa za Demosthenes ndizo chanzo cha maovu yote, kwa sababu tu vita vilifuata baada yake. Aristotle alionyesha kosa lililomo: jambo kutangulia jingine si thibitisho kwamba ndilo lililolizaa.

Hatimaye aliziainisha hotuba kwa kumtazama anayesikiliza. Msikilizaji wa barazani huamua mambo yajayo, wa mahakamani huamua yaliyopita, na yule wa sherehe hutazama ubora wa sifa au lawama zinazotolewa sasa. Usemi una msemaji, una jambo linalosemwa na una msikilizaji, lakini lengo lake limo kwa huyo wa mwisho.

Wimbo wageuka mashtaka

Mnamo Juni mwaka wa 323 K.K., Alexander alifariki Babylon. Habari zilipofika Athens, chuki dhidi ya Makedonia iliyokuwa imefunikwa ikalipuka, na mji ukajiandaa kwa vita.

Aristotle alikuwa mwalimu wa zamani wa Alexander na rafiki wa Antipater, mtawala aliyeachiwa Makedonia na Ugiriki. Urafiki huo haukuwa kosa kisheria, kwa hivyo waliomtaka walitafuta njia nyingine. Walimshtaki kwa kuwakosea miungu heshima, na mojawapo ya msingi wa mashtaka ulikuwa wimbo ule wa kumsifu Hermias. Walidai kwamba alikuwa amemtukuza binadamu kwa namna inayostahili miungu pekee.

Wimbo huo ulikuwa na umri wa karibu miaka 18. Hakuna neno lililokuwa limeongezwa wala kuondolewa. Kilichobadilika ni msikilizaji na majira. Maneno yaliyokuwa maombolezo katika mwaka mmoja yalikuwa yamegeuka kufuru katika mwaka mwingine, kwa sababu wasomaji wake wapya walikuja nayo hasira ambayo haikuwamo ndani ya wimbo.

Aristotle alikuwa ameandika kwamba hukumu za watu hazifanani wanapopenda na wanapochukia. Sasa kanuni hiyo ilimfika mwenyewe, na hakusubiri kuona iwapo hoja nzuri ingeshinda. Inasimuliwa kwamba alisema anaondoka ili Athens isije ikaikosea falsafa kwa mara ya pili, akikumbuka yaliyompata Socrates.

Alikimbilia Chalcis, katika kisiwa cha Euboea, penye mali ya jamaa ya mamake. Huko alifariki kwa maradhi mwaka uliofuata, 322 K.K., akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka huo huo Demosthenes, akifuatwa na askari wa Antipater, alijiua kwa sumu. Bingwa wa kuhutubia na bingwa wa kuichambua hotuba wote wawili walikufa mbali na Athens.

Wosia wa Aristotle umehifadhiwa. Alimwomba Antipater awe msimamizi, akamwachia Herpyllis, aliyeishi naye baada ya Pythias kufariki, nyumba na fedha kwa shukrani, na akaagiza mifupa ya Pythias iwekwe pamoja na yake kama mkewe alivyotaka.

Kitabu chasafiri

Kitabu chake cha balagha kilisafiri mbali kuliko yeye. Kilitafsiriwa kwa Kiarabu, kikafafanuliwa na al-Farabi, Ibn Sina na, katika karne ya 12, Ibn Rushd wa Cordoba. Waarabu walikuwa na taaluma yao wenyewe ya balagha, hivyo kitabu cha Mgiriki huyu walikihesabu miongoni mwa vitabu vya mantiki.

Kwa Kiarabu kiliitwa kwa jina lenye mzizi mmoja na neno khutba, ambalo kwetu limezaa hotuba. Mantiki na falsafa nazo zilitufikia kupitia lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo Mswahili anayetamka maneno hayo anatumia mkoba uliopita mikononi mwa wasomi waliomsoma Aristotle.

Katika karne ya 20 kitabu hicho kilipata maisha mapya. Mwaka wa 1925 msomi wa Marekani, Herbert Wichelns, alichapisha makala aliyohimiza kwamba hotuba isihukumiwe kama shairi, kwa uzuri wake wa kudumu, bali kwa athari yake kwa hadhira fulani katika wakati fulani. Kwa miongo kadhaa wachambuzi wa hotuba nchini Marekani walifuata njia hiyo.

Wengine waliamua kuhesabu. Mwaka wa 1951 Carl Hovland na Walter Weiss wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo ya jaribio ambapo watu walipewa makala yale yale, baadhi wakiambiwa yametoka kwenye chanzo cha kuaminika na wengine kwenye chanzo cha kutiliwa shaka. Mwanzoni chanzo cha kuaminika kiliwageuza wengi zaidi. Baada ya majuma manne tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Ujumbe ulibaki, ila watu hawakuuhusisha tena na aliyeusema.

Hapo ndipo njia mbili za utafiti wa mawasiliano zinapoonekana wazi. Takwimu zaweza kutuambia ni wangapi walioshawishika. Kutuambia neno fulani lilimaanisha nini kwa mtu fulani siku fulani ni kazi ya usomaji wa makini, na kazi hiyo si ya darasani pekee.

Mjini Arusha, Tanzania, mahakama ya kimataifa iliyoshughulikia mauaji ya halaiki ya Rwanda ya mwaka wa 1994 ililazimika kupima maneno. Mnamo Desemba 2003 iliwapata na hatia waanzilishi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura, ingawa mwaka wa 2007 rufaa ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza vifungo vyao.

Majaji hawakuweza kutosheka na maana ya kamusi. Kwenye kamusi, inyenzi ni mende tu. Ilibidi waulize nani alilitamka neno hilo hewani, kwa nani, katika majira gani, na msikilizaji alilielewaje. Hawakuhitaji kumtaja Aristotle, lakini maswali hayo yana undugu na yale aliyowafunza vijana wa Lyceum.

Kasoro zake

Haifai kumsifu mtu huyu bila kuzitaja kasoro zake, tena kasoro zilizoumiza wengi. Aliandika kwamba baadhi ya binadamu ni watumwa kwa maumbile, na hoja hiyo ilitumiwa karne nyingi baadaye kuwahalalishia wenye nguvu dhuluma yao. Katika wosia wake aliagiza watumwa waliomhudumia wasiuzwe na baadhi yao waachiwe huru, lakini alikuwa nao hata hivyo.

Wanawake aliwahesabu kuwa pungufu. Alifikia hata kuandika kwamba wana meno machache kuliko wanaume, jambo ambalo angelisahihisha kwa kuhesabu. Mtazamaji hodari wa kifaranga yaini aliacha kutazama pale alipodhani kwamba anajua tayari.

Isitoshe, balagha yake ilitokana na sauti za wanaume wachache wa utamaduni mmoja. Mwaka wa 1965 msomi Edwin Black alichapisha kitabu cha kuwakosoa waliomfuata Aristotle kama watu wanaojaza fomu: hapa haiba, hapa hisia, hapa hoja, kazi imekwisha. Tangu hapo watafiti wamebuni mbinu nyingine za kuchambua picha, filamu, nyimbo na maneno ya watu wasiowahi kupewa jukwaa.

Lakini hata wakosoaji hao wanaanzia alipoanzia: kwamba ushawishi si uchawi wala si bahati, una sababu, na sababu zake zaweza kutafutwa na mtu yeyote mwenye subira.

Hilo ni jambo kubwa kwa msomaji wa gazeti kama kwa profesa. Anayejua kwamba hasira, hofu na huruma zina milango yake ataweza kuona ni nani anaubisha mlango na anataka nini ndani. Anayejua kutafuta hoja isiyotamkwa hataimalizia tu kwa sababu ameachiwa nafasi. Na anayejua kwamba maneno yale yale hubadilika maana yanapobadilika majira atasita kabla ya kumhukumu mtu kwa kipande cha usemi kilichong'olewa mahali pake.

Waathene wa mwaka wa 323 K.K. hawakusita.